Motokari isiyokula mafuta si faida ya koperative

Katika mikutano ya koperative tunayoifuata huku Luano kuna sentensi moja tunayoisikia mara nyingi, na kila mara inasemwa kwa furaha: «Motokari yetu haikulaka mafuta.» Mtunza feza anaipenda kwa sababu katika daftari lake hakuna litre za kununua kati ya vidanji moja na ingine. Prezida anaipenda kwa sababu ni habari nzuri ya kuleta mbele ya mkutano mkuu. Shofere anasifiwa kwamba anajua kazi. Sisi tukiisikia tunaomba kwanza kuona joji, kile kijiti cha kupimia mafuta ya moteri.

Motokari zenyewe tunazijua wote. Ni Hilux na Land Cruiser za miaka ya 1990, na Canter zilizofika kwetu baada ya kutumika miaka mingi nchi zingine. Moteri ya mazuti yenye umri huo inakula mafuta kidogo. Segma zimechoka, pistoni zinacheza kidogo ndani ya silinda, na sehemu ya mafuta inaungua pamoja na mazuti na kutokea kwa eshapoma. Huo si ugonjwa, ni uzee tu. Kwa hiyo moteri ya zamani ambayo joji yake haishuki hata kidogo, au mbaya zaidi inapanda, inapaswa kuulizwa maswali. Mafuta hayazaani. Kama yameongezeka na hakuna mtu aliyeyaongeza, kuna kitu kingine kimeingia ndani ya karteri, na ni kimoja kati ya viwili: maji ya radiatere au mazuti.

Mtu ataniuliza: waagronomu wanatafuta nini chini ya kapo ya motokari? Tunatafuta mahindi. Hapa kwetu mahindi yanapandwa mvua zikishakamata vizuri, yaani kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja hivi mpaka katikati ya Desemba. Tunaweza kuwafundisha wanamemba nafasi kati ya mistari, kipimo cha 10-20-10 na siku ya kutia urea, lakini mifuko ikibaki depo mjini kwa sababu motokari imekufa, mafundisho yetu yote ni ya bure. Koperative moja ya upande wetu, ambayo hatutaitaja jina, iliona joji inapanda tangu Septemba. Komite ikasema ni vizuri. Moteri ilikamata Novemba, njiani, na mbolea nyuma. Walikodi kamio kwa bei ya mtu mwenye haraka, na wanamemba wengine walipanda karibu na Noeli. Mahindi ya Noeli kila mkulima anajua yanatoa nini.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayodanganya watu. Maabara nyingi zinazopima mafuta ya mashine zinahesabu kwamba mazuti yakifika karibu asilimia 5, mafuta hayo hayafai tena. Kwa moteri inayobeba litre 7, asilimia 5 ni santilita 35, kama chupa ndogo ya Coca. Kwenye joji za motokari nyingi, kutoka alama ya chini mpaka alama ya juu ni litre moja hivi. Basi chupa hiyo ndogo ni theluthi moja ya nafasi ile. Mtu anayepima bila uangalifu, leo kwenye mteremko, kesho moteri ikiwa moto, hataiona kamwe.

Kuna lingine linalofichika zaidi. Tuseme moteri hiyohiyo imeunguza santilita 35 za mafuta, na wakati huohuo imepokea santilita 35 za mazuti. Joji itasema paka ileile ya mwezi uliopita. Kila mtu atafurahi, na ndani ya karteri mafuta yanaendelea kuwa maji. Ndiyo maana sisi tunaogopa joji isiyosogea kuliko ile inayoshuka. Inayoshuka inakuambia ukweli wake, na unanunua litre moja unaongeza.

Mafuta yaliyochanganyika na mazuti yanakuwa mepesi. Kazi yake ni kuweka utando mwembamba kati ya vilbrekeni na kusine zake, ili chuma kisiguse chuma. Yakiwa mepesi utando huo unapasuka, zaidi wakati motokari imebeba mzigo na moteri iko moto. Kusine zinalika, presha inashuka, taa nyekundu inaanza kupepesa kwenye ralanti, halafu siku moja vilbrekeni inakamata. Hapo hakuna tena habari ya kubadili mpira. Ni moteri nzima.

Hatari ya pili inakuja haraka zaidi. Mafuta yakipanda sana, vilbrekeni inayapiga, yanakuwa mvuke na povu, na moteri inaanza kuyavuta kupitia bomba la pumzi kuelekea mahali pa kuingizia hewa. Moteri ya mazuti haina buji za kuzima. Inaunguza chochote kinachoweza kuungua, hata mafuta yake yenyewe, na inaweza kupanda mwendo peke yake, ukitoa ufunguo haizimi. Shofere akipatwa na hayo akiwa amesimama na motokari ni ya gia za mkono, atie gia ya juu kabisa, akanyage breki kwa nguvu na kuachia kluchi ili moteri ijinyonge. Au azibe mdomo wa hewa kwa ubao mzito, asitumie mkono wala kitambaa. Wengine wote wakae mbali.

Sasa namna ya kujua. Vifaa havina bei, na tunashauri kazi hii ifanywe na mwanamemba, siyo na fundi.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, mahali palipo sawa, na kila mara paleplae pamoja. Chora alama kwenye udongo kama ni lazima. Futa joji, ingiza, toa, soma. Andika. Ukipima namna hiyo kila Jumatatu, kwa mwezi mmoja utajua kuliko fundi aliyeiona motokari mara moja tu.

Nusa, lakini usitegemee pua peke yake. Mafuta ya moteri ya mazuti yana harufu ya mazuti kidogo hata yakiwa mazima. Weka pembeni kikombe cha mafuta mapya ya aina ileile, na tone la mazuti kwenye kitambaa, kisha linganisha. Hata vidole vinaweza kudanganywa: masizi yanayafanya mafuta mazito, mazuti yanayafanya mepesi, na vyote viwili vikiwa ndani unaweza kuona mafuta ya kawaida kabisa.

Tunaamini zaidi tone kwenye karatasi. Tafuta karatasi nyeupe inayonyonya, ile ya kuchujia kahawa ni nzuri sana. Ilaze juu ya mdomo wa kikombe ili katikati isiguse kitu chochote. Moteri ikiwa bado na moto kidogo, dondosha tone moja kutoka kwenye joji. Kwenye karatasi ingine dondosha tone la mafuta mapya. Viache mpaka kesho yake. Katikati utaona doa jeusi la masizi, hiyo ni kawaida. Angalia ukingo wa nje. Mazuti yanatembea mbali kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwa mengi yanaacha duara pana, jepesi, la kung'aa, nje kabisa ya doa. Tone moja halitoshi kuhukumu. Fanya tena wiki ijayo na karatasi za aina ileile, uzitunze zote ndani ya daftari na tarehe yake. Karatasi nne zilizopangwa zinaonyesha duara linavyokua, na hapo hata mwanamemba asiyejua kusoma anaona.

Kabla ya kuyashitaki mazuti, ondoa shaka ya maji. Maji yakiingia, mafuta yanageuka rangi ya kahawa yenye maziwa na radiatere inapungua. Pasha moto kipande cha bati, kitoe mbali na jiko, udondoshe tone juu yake: maji yanalia kama chumvi kwenye moto, mazuti hayalii. Kuna watu wanaojaribu kwa kiberiti, eti waone kama mafuta yatashika. Hilo tunalikataa kabisa. Kama kweli kuna mazuti ndani utajiunguza, na kama hakuna hujajua kitu.

Mkishakuwa na alama za joji zinazopanda na karatasi zenye duara, ndipo mnakwenda garaji. Na hapa ndipo tunapotaka kubishana kidogo na mazoea yetu. Neno la kwanza garaji ni karibu daima «tufungue moteri». Fundi analipwa kwa kufungua, na koperative inazoea kufikiri kwamba moteri isiyofunguliwa haijatengenezwa. Lakini mazuti yanaingia kwa njia chache tu, na nyingi kati ya hizo ziko nje ya moteri, unazifikia kwa funguo mbili tatu.

Njia ya kwanza ni pompa ndogo ya kuvuta mazuti. Kwenye moteri nyingi za zamani, na kwenye trakta nyingi zenye moteri za Perkins, pompa hii imefungwa ubavuni mwa moteri na ndani yake kuna utando wa mpira. Utando ukipasuka, mazuti yanaweza kuteremka moja kwa moja ndani ya karteri. Njia ya pili ni pompa kubwa ya enjeksyoni, pale inapozungushwa na gia zilizo ndani ya moteri: mpira wa shafti yake ukichoka, mazuti yanapita upande wa gia na kushuka. Pompa zingine za mstari, kama za Canter nyingi, zinalainishwa na mafuta yaleyale ya moteri, na zikilika mazuti yanavuja humohumo. Njia ya tatu ni enjekteri inayodondosha badala ya kupuliza: mazuti hayaungui yote, yanaosha ukuta wa silinda na kushuka pembeni ya pistoni. Kuna pia moteri ambazo vibomba vya kurudisha mazuti kutoka enjekteri vinapita chini ya kifuniko cha juu. Ufa mmoja pale unatosha.

Kutenganisha njia hizi kuna jaribio ambalo tunalipenda kwa sababu linafanyika usiku mtu akiwa amelala. Funga bidoni safi yenye mazuti juu kuliko moteri, chora alama kwenye kimo cha mazuti, ulishe pompa kutoka humo, na bomba la kurudisha pia lirudi humohumo. Moteri izimwe. Asubuhi angalia. Kama mazuti yameshuka na chini ya motokari ni pakavu, yameingia ndani, na mshitakiwa ni pompa moja kati ya zile mbili, kwa sababu enjekteri haipokei presha moteri ikiwa imezimwa. Rudia usiku wa pili ukiwa umeruka ile pompa ndogo, utajua ni ipi. Kama bidoni haikusogea, macho yageukie enjekteri, ingawa pompa kubwa haijasafishwa jina lote: mpira mwingine unavuja paka shafti ikizunguka.

Enjekteri zipelekwe kwa mwenye mashine ya kuzipima, aone kila moja inapuliza mvuke au inalia machozi. Mafundi wetu wana desturi ya kulegeza bomba la kila enjekteri moteri ikiwa ralanti, wasikie ipi haibadilishi mlio. Kwa moteri za zamani zisizo na umeme wa enjeksyoni, fundi mzoefu anaweza kufanya hivyo, vidole vikiwa mbali na mchirizi, maana presha ile inatoboa ngozi. Kwa motokari mpya zaidi zenye bomba moja la presha kwa enjekteri zote, isifanyike kamwe.

Kuna sababu ingine ambayo haina kitu kilichovunjika. Ukifungua moteri nyingi za Lubumbashi hutakuta termosta. Iliondolewa zamani, «ili moteri isipate moto». Matokeo yake moteri haifiki kwenye joto lake la kazi, na mazuti hayaungui vizuri. Ongezea Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, na motokari inayowashwa alfajiri kupeleka lengalenga na tomati sokoni, kilometa chache, kisha inaachwa inanguruma ralanti saa nzima wakati mizigo inashushwa. Siku sita kwa wiki. Moteri nzima kabisa inaweza kukusanya mazuti kwa maisha ya namna hiyo. Rudisheni termosta, na kama moteri inapata moto sana, tengenezeni radiatere, ndiyo yenye kosa.

Na mazuti yenyewe? Wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi, wanatusaidia siku ambazo stasyo hazina kitu, na hatutawasema vibaya wote. Lakini mazuti yaliyoongezwa petroli ya taa hayalainishi pompa inavyotakiwa, na pompa inayolika leo ndiyo itakayovuja kesho. Nunueni mahali pamoja, ili ubaya ukitokea mjue wa kumuuliza.

Turudi kwenye komite, maana kwa maoni yetu ugonjwa mkubwa uko huko kuliko kwenye pompa. Koperative inayomsifu shofere kwa kutonunua mafuta inamfundisha kunyamaza. Tumekuta shofere aliyeona joji imepita alama ya juu, akatoa litre moja chini, akaiuza, akaendelea na safari. Alifanya kosa, lakini nani angemsikiliza kama angesema moteri imeharibika wakati komite inampigia makofi? Tumekuta pia mtu aliyeshauri kutia mafuta mazito ili taa nyekundu isipepese. Taa ilitulia kweli. Mazuti yaliendelea kuingia.

Na kuna upande mwingine unaotuuma zaidi. Mazuti yakipotea bila maelezo, mtu wa kwanza kushitakiwa ni shofere: ameuza. Mara ingine ni kweli ameuza. Mara ingine litre mbili zinazotafutwa ziko ndani ya karteri, chini ya miguu ya watu wanaomfukuza. Joji na karatasi zinaweza kumtetea mtu asiye na kosa, na zinaweza kumnyima mwenye kosa kisingizio, kwa sababu mazuti yaliyouzwa barabarani hayapandishi mafuta ya moteri.

Kwa hiyo daftari la joji lisikae kwa shofere wala kwa fundi. Likae kwa mwanamemba mwingine aliyechaguliwa, mwenye kuandika tarehe, kilometa, kimo cha joji, litre zilizoongezwa na jina lake. Katika koperative moja tunayoitembelea kazi hii anaifanya mama anayeuza mboga. Hajui kuendesha na hataki kujua, lakini hakuna Jumatatu anayoikosa, na aliona mafuta yanapanda wiki tatu kabla ya mtu mwingine yeyote kuona. Walibadili pompa ndogo peke yake, wakafanya vidanji, basi.

Vidanji baada ya kutengeneza si ya hiari. Mtu akibadili pompa akaacha mafuta yaleyale, amelipa fundi bure. Toeni yote, filtri ibadilishwe, tieni mapya mpaka alama ya juu isipitwe, na daftari lianze ukurasa mpya. Yale yaliyotolewa yasimwagwe kwenye mfereji unaoshuka kuelekea bustani na mto. Tumeona vitanda vya mboga vilivyokaa misimu bila kuota kitu kwa sababu ya bidoni moja. Wekeni ndani ya bidoni yenye kifuniko na alama, mbali na jiko, kwa sababu mafuta yenye mazuti yanashika moto upesi kuliko yale mliyozoea, na mpatieni garaji inayokusanya. Mkitaka kupaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa, pakeni kabla ya kuzisimika, na mziache zikauke vizuri mahali ambapo mbuzi hawafiki.